HESABU ZA PEMBE: TATU NA NNE HAZIFIKI SABA

(Haya ni maneno ya somo la watu wazima lililosomwa katika redio. Yamechapwa pamoja na hesabu zake, ili msikilizaji ayafuate kwa macho yale aliyoyasikia kwa masikio.)

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mtu ana kalamu na karatasi mbele yake. Hesabu hazifuatwi kwa masikio peke yake; mkono nao hauna budi kufanya kazi. Wale mnaosikiliza kwa vikundi, mmoja wenu na asimame ubaoni, aandike kila namba nitakayoitaja, na wenzake wamsahihishe akikosea.

Leo naanza na barua. Msikilizaji mmoja, baada ya kusikia somo letu juu ya saini na kosaini, ametuandikia hivi: "Mwalimu, umetufundisha kwamba saini ya pembe yo yote haizidi 1, na kosaini vile vile haizidi 1. Basi mtu akichukua saini mara 3, akachukua kosaini ya pembe ile ile mara 4, akazijumlisha, jumla kubwa kabisa atakayopata ni 7, na ndogo kabisa ni 7 hasi. Je, nimepata?"

Hukupata, ndugu yangu. Lakini usione haya, maana kosa hili hufanywa na watu wengi, hata waliokaa shuleni miaka mingi. Na tena nusu ya maneno yako ni kweli. Ni kweli kwamba jumla hiyo haiwezi kuzidi 7. Lakini kusema kwamba kitu hakizidi 7 si sawa na kusema kwamba hufika 7. Nikikuambia kwamba babu yangu hajatimiza miaka 200, nimesema kweli tupu, na wewe bado hujaujua umri wake. Leo twautafuta umri wenyewe: mpaka wa juu ambao jumla huufikia kweli, na mpaka wa chini ambao huufikia kweli. Na kabla hatujaagana nitakuonyesha kwamba mtu anayekosea jambo hili aweza kuliacha jahazi lake mchangani siku 11, akiyangojea maji yarudi.

Kwanza tukumbushane. Fikiri gurudumu lililosimama wima, ambalo toka katikati yake hadi ukingoni ni mita 1. Tia alama ya chokaa ukingoni, upande wa kulia, sawasawa na usawa wa katikati ya gurudumu. Sasa lizungushe polepole, alama ipande juu. Pembe uliyoizungusha tuiite x. Kimo cha alama juu ya usawa wa katikati ndicho saini ya x. Umbali wa alama kwenda kulia, ukipima toka mstari wa wima upitao katikati, ndio kosaini ya x. Alama ikishuka chini ya usawa, saini ni hasi; ikipita upande wa kushoto, kosaini ni hasi.

(Saini hii si ile utiayo chini ya barua. Majina yamefanana tu. Jina la saini ya hesabu lilisafiri sana: Wahindi waliita kipimo hiki kwa neno lenye maana ya uzi wa upinde, Waarabu wakaliandika neno lile kwa sauti yake, baadaye watu wakalisoma kama "jaib", yaani mkunjo wa nguo kifuani, na wafasiri wa Ulaya katika karne ya 12 wakatia neno la Kilatini lenye maana hiyo ya mkunjo. Hivyo uzi wa upinde ukageuka kuwa mfuko wa nguo, na hesabu haikudhurika hata kidogo.)

Katika kuandika tutafupisha. Tutaandika s badala ya saini ya x, na k badala ya kosaini ya x. Sasa tazama pembetatu iliyo ndani ya gurudumu: toka katikati hadi kwenye alama ni mita 1, kwenda upande ni k, kwenda juu ni s, na baina ya k na s kuna pembe mraba. Kanuni ya Pythagoras yatuambia basi:

s² + k² = 1

Ile 2 ndogo iliyokaa juu maana yake ni kwamba namba imezidishwa kwa yenyewe. Nasi twaita "mraba wa s", "mraba wa k". Usawa huu si kama ule wa "namba fulani ukiongeza 2 ni 5", ambao ni kweli kwa namba moja tu. Huu ni kweli kwa kila pembe, ndogo au kubwa, gurudumu likizunguka mara moja au mara mia. Usawa wa namna hii tutauita usawa wa daima.

Na usawa huu wasema nini kwa lugha ya nyumbani? Wasema kwamba una shilingi moja tu ya kuwagawia watoto wawili. Mraba wa saini ukipewa shilingi yote, mraba wa kosaini haupati hata senti. Hawapati wote wawili shilingi nzima siku moja. Hapo ndipo rafiki yetu wa barua alipopotea: aliipa saini shilingi nzima, kisha akageuka akaipa kosaini shilingi ile ile.

Tujaribu kwa namba. Jumla yetu ni 3s + 4k. Chukua majedwali yako ya hesabu, au namba nitakazokusomea, uandike:

Pembe ya nyuzi 0: s ni 0, k ni 1. Jumla ni 4.
Pembe ya nyuzi 30: s ni 0.5, k ni 0.866. Jumla ni 4.96.
Pembe ya nyuzi 45: s ni 0.707, k ni 0.707. Jumla ni 4.95.
Pembe ya nyuzi 60: s ni 0.866, k ni 0.5. Jumla ni 4.60.
Pembe ya nyuzi 90: s ni 1, k ni 0. Jumla ni 3.

(Hapa kimya cha dakika mbili, wasikilizaji wahakikishe namba hizi.)

Mmeona? Jumla imeanza na 4, ikapanda ikakaribia 5, kisha ikashuka hadi 3. Saba haikuonekana, wala sita. Mtu mwenye macho makali aweza kuanza kushuku kwamba mpaka ni 5. Lakini kushuku si kujua. Twaweza kupima pembe elfu moja, na pembe ile tunayoitafuta ikawa imejificha baina ya mbili tulizozipima. Ndiyo sababu twahitaji usawa wa daima: wenyewe hausemi juu ya pembe moja moja, husema juu ya zote kwa neno moja.

Basi fanya hivi. Ichukue jumla yetu, 3s + 4k, uitafutie ndugu yake: 4s − 3k. Namba 3 na 4 zimebadilishana mahali, na alama moja imegeuka ikawa ya kutoa. Sasa zidisha kila mmoja kwa mwenyewe:

(3s + 4k)² = 9s² + 24sk + 16k²
(4s − 3k)² = 16s² − 24sk + 9k²

Zijumlishe mistari hii miwili, moja chini ya nyingine. Ile 24sk ya kuongeza na ile 24sk ya kutoa zauana, hakuna inayobaki. Tisa na kumi na sita ni 25. Kumi na sita na tisa ni 25 tena. Kwa hiyo upande wa kulia ni 25s² + 25k², yaani mara 25 ya s² + k². Na s² + k² ni nini? Ni 1, siku zote. Basi:

(3s + 4k)² + (4s − 3k)² = 25

Ukiwa umefika hapa umemaliza sehemu ngumu. Mraba wa namba yo yote hauwi chini ya sifuri kamwe. Basi mraba wa ndugu yule wa pili ama ni sifuri ama ni zaidi, na mraba wa jumla yetu hauwezi kupita 25. Jumla yenyewe, kwa hiyo, haiwezi kupita 5, wala kushuka chini ya 5 hasi.

Je, hufika? Nauliza, maana hatutaki kurudia habari ya babu wa miaka 200. Itafika 5 ikiwa yule ndugu ni sifuri kabisa, yaani 4s iwe sawa na 3k. Jaribu s = 0.6 na k = 0.8. Mara nne ya 0.6 ni 2.4, mara tatu ya 0.8 ni 2.4. Vema. Lakini je, alama ya gurudumu hupita hapo kweli? Mraba wa 0.6 ni 0.36, mraba wa 0.8 ni 0.64, pamoja ni 1. Hupita, kwenye pembe ya karibu nyuzi 37. Na jumla yetu hapo ni 1.8 na 3.2, yaani 5 kamili. Upande wa pili wa gurudumu, s ikiwa 0.6 hasi na k ikiwa 0.8 hasi, jumla ni 5 hasi. Na kwa kuwa gurudumu haliruki, bali hupita kila mahali baina ya hapo na hapo, jumla nayo hupita kila namba iliyo baina ya 5 hasi na 5.

Fundi mwashi anayenisikiliza sasa hivi anatabasamu. Tatu, nne na tano ndizo anazopima kwa kamba kila apigapo msingi wa nyumba, ili pembe ya ukuta iwe mraba. Ni zile zile. Na kwa namba nyingine kanuni ni hiyo hiyo: ikiwa jumla ni saini mara namba moja, na kosaini ya pembe ile ile mara namba ya pili, basi zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, utafute kipeuo cha pili, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa jibu lile. Huo ndio mpaka wa juu; na hasi yake ndiyo mpaka wa chini. Mathalan s + k, bila ya kuzidisha kwa cho chote: 1 na 1 ni 2, na kipeuo chake cha pili ni 1.414. Haifiki 2.

Kuna njia nyingine ya kufika mahali hapo hapo, nayo nitaipitia upesi kwa kuwa tutaihitaji pwani. Ni usawa mwingine wa daima, wa pembe mbili zilizojumlishwa. Ptolemy wa Iskandaria, katika karne ya 2, alitumia usawa wa ukoo huo kwa nyuzi zinazokata duara. Na Abu al-Wafa, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 10, aliuthibitisha kwa saini zenyewe. Ni huu:

saini (x + m) = saini x × kosaini m + kosaini x × saini m

Chagua m iwe pembe ambayo kosaini yake ni 0.6 na saini yake ni 0.8, ni karibu nyuzi 53. Zidisha pande zote mbili kwa 5. Kulia utaona 3s + 4k, na kushoto mara 5 ya saini (x + m). Yaani vitu viwili vilivyokuwa vikipanda na kushuka, kila kimoja kwa wakati wake, vimekuwa kitu kimoja kinachopanda na kushuka, kikubwa kuliko kila kimoja chao, na kidogo kuliko vyote viwili vikijumlishwa ovyo.

Kabla hatujashuka pwani, onyo moja. Kanuni ya 3 na 4 haifungui kila mlango. Ukipewa s × k, usikimbilie 1 mara 1. Usawa wa daima wasema kwamba 2sk ni saini ya pembe iliyo mara mbili ya x. Basi s × k ni nusu ya saini, na mipaka yake ni nusu hasi na nusu. Tena ukipewa s² + 4s, waweza kuiandika (s + 2)² − 4, na hapo wengi husema kwa furaha, "Mraba hauwi chini ya sifuri, basi mpaka wa chini ni 4 hasi." La! Ili mraba ule uwe sifuri, s ingekuwa 2 hasi, na alama ya gurudumu letu haishuki mita mbili. Inaposhuka kabisa s ni 1 hasi, na hesabu yatoa 3 hasi. Inapopanda kabisa s ni 1, nayo yatoa 5. Mipaka ni 3 hasi na 5. Kila mara ukipata mpaka, jiulize kama gurudumu hufika hapo.

Haya, twende pwani.

Watu wa pwani, toka Lamu hadi Kilwa na visiwani, hawana haja ya redio kuwaambia kwamba bahari haijai sawasawa kila siku. Kuna siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hujaa sana, na yakipwa hupwa sana, hata mtu huweza kutembea mbali juu ya miamba. Na kuna siku za maji mafu, karibu na mwezi ukiwa nusu, ambapo maji hujaa kidogo na hupwa kidogo. Ninyi mlioko Tabora au Nakuru mtaniamini kwa leo.

Sababu ni kwamba bahari huvutwa na wawili, mwezi na jua. Mwezi hufanya maji yapande na kushuka mara moja kila saa 12 na dakika 25. Jua hufanya hivyo kila saa 12 kamili. Jua ni kubwa mno kuliko mwezi, lakini liko mbali mno, kwa hiyo nguvu yake ya kuinua maji ni chini kidogo ya nusu ya nguvu ya mwezi. Kwa makadirio ya jumla katika pwani yetu, mwezi hupandisha maji kama mita 1 juu ya usawa wa kati wa bahari, na jua kama nusu mita. Tutatumia namba hizo.

Rafiki yetu wa barua atasema, "Mita moja na nusu ni mita moja na nusu. Kila maji yakijaa, yatafika hapo." Na nahodha akimsikiliza, ameangamia.

Pembe ya wimbi la mwezi tuiite A. Pembe ya wimbi la jua haiwi sawa nayo, kwa sababu la jua lina haraka zaidi. Imetangulia kwa tofauti ambayo tutaiita D. Basi kimo cha maji juu ya usawa wa kati ni:

kosaini A + ½ kosaini (A + D)

Usawa wa daima wa kosaini ya pembe mbili ni ndugu wa ule tuliousoma sasa hivi: kosaini (A + D) = kosaini A × kosaini D − saini A × saini D. Uutie mahali pake, ukusanye yaliyo ya kosaini A upande mmoja, na yaliyo ya saini A upande wa pili:

(1 + ½ kosaini D) × kosaini A − (½ saini D) × saini A

Usiogope urefu wake. Itazame sura yake tu. Ni namba fulani mara kosaini, na namba nyingine mara saini ya pembe ile ile. Ni 3s + 4k imevaa kanzu! D hubadilika polepole sana, kwa hiyo katika kujaa kumoja twaweza kuihesabu kama imesimama. Mpaka wa juu, yaani kimo cha maji yakijaa, tuuite H. Kwa kanuni yetu, mraba wa H ni mraba wa namba ya kwanza na mraba wa namba ya pili pamoja, na alama ya kutoa haitusumbui:

H² = (1 + ½ kosaini D)² + (½ saini D)²

Ukifungua mabano utapata 1, na kosaini D, na robo ya mraba wa kosaini D, na robo ya mraba wa saini D. Hizo robo mbili pamoja ni robo ya 1, kwa usawa ule ule wa shilingi na watoto wawili. Basi:

H² = 1¼ + kosaini D

(Hapa kimya cha dakika mbili. Aliyepata jibu jingine na atazame mabano yake.)

Tazama jinsi mstari huu mfupi ulivyoshika habari ya mwezi mzima. D ikiwa sifuri, mwezi na jua zavuta pamoja: kosaini D ni 1, H² ni 2.25, na H ni mita 1.5. Hiyo ni bamvua. Toka maji kupwa hadi maji kujaa ni mita 3. D ikiwa nyuzi 180, jua lashusha wakati mwezi unapandisha: kosaini D ni 1 hasi, H² ni 0.25, H ni nusu mita tu. Hayo ni maji mafu, na toka kupwa hadi kujaa ni mita 1. D ikiwa nyuzi 90, H² ni 1.25, na H ni mita 1.12. Rafiki yetu wa barua alipata mita 1.5, nayo ni kweli kwa bamvua peke yake.

Na D huenda kwa mwendo gani? Kila siku wimbi la jua hulitangulia la mwezi kwa nyuzi 24.4 zaidi, na baada ya siku 14 na robo tatu hivi D imezunguka yote na bamvua imerudi. Ni kwa sababu hiyo hiyo kwamba kila siku maji hujaa kwa kuchelewa, karibu dakika 50, kuliko jana yake.

Sasa fikiri jahazi limepandishwa pwani siku ya bamvua yenyewe, maji yalipojaa kabisa. Maji yamepwa, limekaa juu ya mchanga, limetiwa magadi ubavuni lisianguke, na mafundi watia kalafati na kupaka deheni. Nahodha amepima: ili jahazi lielee tena, maji yapasa kufika mita 1.4 juu ya usawa wa kati. Ana siku ngapi?

H isipungue 1.4, yaani H² isipungue 1.96. Toa 1.25, na kosaini D isipungue 0.71. Majedwali yasema pembe hiyo ni karibu nyuzi 45. Gawa 45 kwa 24.4: ni siku mbili kasoro. Siku ya pili ikitimia, maji hufika mita 1.38, yamepungukiwa na sentimita 2. Siku ya tatu hufika mita 1.24. Siku ya saba hufika mita 0.51, na watoto wanacheza mpira kando ya jahazi. Maji hayatafika tena mita 1.4 mpaka D iwe nyuzi 315, nayo ni karibu siku ya 13. Toka siku mbili kasoro hadi siku ya 13 ni siku 11 za kukaa mchangani, na mshahara wa mabaharia, na mzigo unaongoja bandarini. Fundi aliyesema, "Tutamaliza kesho kutwa jioni, hapana neno," alikuwa amekosea hesabu za pembe.

Lakini nawe, nahodha unayenisikiliza, usiende baharini kwa namba zangu! Bahari ya kweli haina mawimbi mawili tu. Njia ya mwezi si duara kamili, upepo nao una neno lake, na bamvua mbili zinazofuatana hazilingani. Hii yaweza kufika mita 1.5 na ijayo isifike. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alitengeneza mwaka 1872 mashini ya magurudumu na kamba iliyojumlisha kosaini kumi kwa pamoja ili kutabiri kujaa na kupwa, na hata kumi hazikutosha kwa bandari nyingine. Tumia jedwali la maji la bandari yako, na macho yako. Hesabu ya leo ni ya kukueleza kwa nini jedwali lile hupanda na kushuka kila nusu mwezi.

Na wewe uliyetuandikia, pokea shukrani zetu. Somo lote hili limetoka katika barua yako.

Mazoezi ni manne. La kwanza: tafuta mipaka ya 5s + 12k. La pili: mipaka ya 8s − 15k. La tatu: mipaka ya 2s² + 3k², na hapa angalia usitumie kanuni ya 3 na 4, bali kumbuka shilingi moja na watoto wawili. La nne: jahazi lile lile limepandishwa siku ya bamvua, lakini chini kidogo pwani, na lahitaji maji yafike mita 1.2 tu, nahodha ana siku ngapi? Yafanyeni kwanza, kisha ndipo mtazame majibu yaliyochapwa hapa chini. Kwaherini mpaka juma lijalo.

Majibu. La kwanza: 13 hasi hadi 13. La pili: 17 hasi hadi 17. La tatu: 2 hadi 3, kwa kuwa 2s² + 3k² ni sawa na 2 + k², na k² haishuki chini ya 0 wala haipiti 1. La nne: kosaini D ni 0.19, D ni karibu nyuzi 79, na nahodha ana siku 3 na robo hivi.